Kioo cha Kabati Hakina Adabu

Mwezi huu nakuomba ufunge mlango kwanza, maana tunazungumzia kupiga picha mwili mtupu. Ndiyo, umesoma sawasawa, na wala usigune kabla hujanisikiliza!

Najua "picha za utupu" zikitajwa tu, akili inakimbilia kwenye skendo: simu imeibwa, picha zimezagaa, mtu anaomba radhi huku machozi yanamtoka. Sizungumzii hizo. Nazungumzia picha ambayo mtu mzima, mwenye akili zake timamu, ameamua mwenyewe kupigwa ili mwili wake utazamwe kwa utulivu, kama tunavyotazama kinyago cha mpingo. Nenda pale Mwenge kwenye vinyago ukaone: kifua, tumbo la mimba, mgongo, vyote viko wazi na hakuna anayefumba macho. Watu wananunua na kuweka sebuleni.

Sasa basi, mbona nimeamka na hili? Twende taratibu.

NATAKA MOJA TU

Miezi kadhaa iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wetu mmoja wa Kipawa, mama wa watoto wawili. Aliandika hivi: "Dada Mhariri, wiki tatu zijazo naingia chumba cha upasuaji. Titi la kushoto linaondolewa. Nina picha za harusi, za ubatizo, za sikukuu, zote nimevaa. Sina hata moja ya mwili wangu ukiwa mzima. Nataka moja tu. Studio siendi, siwezi kuvua nguo mbele ya mwanaume nisiyemjua. Wewe si uliwahi kuandika kwamba chuoni mlifundishwa kamera?"

Kweli niliwahi kuandika, na siku ile nilijuta! Chuoni tulifundishwa kupiga picha za mikutano na mechi za mpira. Mwili wa mtu katika chumba cha kupanga ni somo jingine kabisa. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Siku mbili baadaye akanitumia mstari mmoja tu: "Muda unakwenda, dada."

Nikampigia. Akanisimulia ugonjwa alivyougundua. Alikuwa anajipaka mafuta mbele ya kioo cha kabati, akainua mkono kuchana nywele, akaona ngozi ya titi imebonyea upande mmoja, imekuwa kama ganda la chungwa. Maumivu hakuwa nayo hata kidogo. (Na wewe unayesoma, chukua hiyo! Ukiona ngozi imebonyea, uvimbe hata usiouma, chuchu iliyoanza kuingia ndani au inayotoa majimaji wakati hunyonyeshi, usingoje iume. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.)

"Kioo ndicho kilichoniambia," alisema. "Nataka kioo kiwemo kwenye picha."

FUTI KUMI KWA KUMI

Jumamosi moja asubuhi nikashuka Kipawa na begi langu la kamera. Wenyeji wa pale mnajua, uwanja wa ndege uko jirani, ndege ikiruka mnanyamaza kwanza ipite halafu maongezi yanaendelea. Nyumba ni zile za kupanga tunazozifahamu kuanzia Temeke mpaka Kinondoni: korido katikati, vyumba huku na huku, choo uani. Chumba chake ni futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3 kila upande. Kitanda cha 5 kwa 6 kimekula karibu theluthi nzima. Kuna kabati la milango mitatu lenye kioo kirefu katikati, na meza ya vipodozi yenye kioo kingine. Dirisha ni moja, lina nondo na wavu wa mbu, linatazama mashariki. Ukuta wa kijani.

Mume wake alinisalimia kwa adabu, akabeba stuli yake akaenda kukaa kwenye korido. "Mimi nitakuwa hapa nje," akasema. Mke hakumjibu.

Tukafunga mlango kwa komeo. Nikawasha taa ya juu, nikafungua flashi, nikapiga. Wacha we! Flashi ilirudi kutoka kwenye kioo kama taa ya lori. Ngozi yake, ambayo ni nyeusi ya kung'aa, imetoka kijivu kama jivu la mkaa. Halafu ndani ya kioo mna ndoo ya maji, pasi, kalenda, nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango, na mimi mwenyewe nimeinama!

Alitazama picha ile kwa muda mrefu. "Dada," akasema, "kama huyu ndiyo mimi, bora nibaki na za harusi." Akajifunga kanga yake, akakaa kitandani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kioo cha kabati hakina adabu. Kinaonyesha kila kitu bila kuulizwa: cha maana na cha hovyo, cha kwako na cha jirani. Kioo hakichagui. Kazi ya anayepiga picha, na hasa ya anayepigwa, ni kuchagua. Tukaanza upya, na haya ndiyo tuliyojifunza asubuhi ile.

1. ZIMA TAA, TUMIA DIRISHA

Chumba kidogo hakihitaji taa nyingi, kinahitaji moja nzuri, nayo iko ukutani tayari. Ukichanganya balbu na dirisha unapata rangi mbili za mwanga kwenye mwili mmoja, shavu la njano na bega la bluu. Zima taa ya juu. Mwanga wa kutoka juu unachimba mashimo machoni na chini ya kidevu, hakuna anayependeza.

Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua liko juu sana, karibu ya utosi, halifiki ndani. Asubuhi na jioni ndipo linapoingia kwa ubavu. Dirisha la mashariki litumie asubuhi, la magharibi jioni. Ukiwa na dirisha la kusini una bahati: mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo kusini unapata mwanga laini siku nzima bila jua la moja kwa moja.

Sisi jua lilikuwa linaingia kavukavu, nondo zikachora mistari mgongoni kama yuko mahabusu! Tukatundika shuka jeupe jepesi dirishani. Mistari ikafutika, na dirisha zima likageuka taa moja pana na laini.

Kuna jambo la umbali pia. Kwa balbu, ukienda mara mbili ya umbali, mwanga unaokufikia unabaki robo. Dirisha kwa kuwa ni pana halipunguzi kwa kasi hiyo, lakini linapunguza. Kwa hiyo kusogea hatua moja tu kunaibadilisha picha nzima. Karibu na dirisha, upande mmoja wa mwili unawaka na mwingine unazama gizani. Mbali kidogo, tofauti inapungua. Usihangaike na pozi kabla hujajaribu hatua hizo.

2. UKUTA UNAPAKA RANGI

Ukuta wa kijani unarudisha mwanga wa kijani, na mwanga huo unatua kwenye ngozi. Ndiyo maana wengi wanapiga picha chumbani na kutoka kama wagonjwa wa homa ya manjano. Dawa yake ni kuuziba ukuta ulio jirani na mwili. Shuka jeupe likiwekwa upande wa pili wa dirisha linarudisha mwanga safi na kulainisha kivuli. Ukitaka kivuli kizito zaidi, tundika kitu cheusi badala ya shuka. Buibui jeusi linafaa sana.

3. NGOZI YETU NA KAMERA ZAO

Hili wengi hatuambiwi. Kwa miaka mingi maabara za picha duniani zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, zilizotolewa na Kodak kuanzia miaka ya 1950. Mweupe akitoka vizuri, basi kazi imeisha. Kilichosaidia kubadilisha filamu za Kodak baadaye si malalamiko yetu sisi weusi peke yake, ni makampuni ya chokoleti na ya fanicha za mbao yaliyolalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazionekani vizuri! Simu za leo zimepiga hatua, Google walitangaza maboresho ya ngozi nyeusi kwenye simu zao mwaka 2021, lakini bado kamera ikiona mwili mweusi mwingi kwenye fremu inadhani chumba kina giza, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka kijivu.

Usikubali. Kwenye simu, bonyeza kidole pale ngozi inapong'aa zaidi, halafu shusha mwanga kidogo. Ngozi nyeusi haionyeshwi kwa kumwagiwa mwanga, inaonyeshwa kwa mng'ao: mstari wa mwanga kwenye bega, kwenye mfupa wa shingo, kwenye nyonga. Mafuta ya nazi kidogo, yapakwe na kufutwa kwa kitambaa, yanatosha. Na saa moja kabla, vaa kanga tupu bila nguo za ndani, maana alama za mpira kiunoni hakuna mwanga unaozifuta.

4. KIOO KINA SHERIA ZAKE

Sheria ya kwanza: mwanga unaingia kiooni kwa pembe na kutoka kwa pembe ileile. Ukisimama mbele ya kioo utajiona. Sogea pembeni, na kamera yako nayo inatoka kwenye picha. Mimi nilijibana kwenye kona, nyuma ya bega lake la kushoto.

Sheria ya pili: kioo kinaongeza chumba. Katika mita 3 huwezi kurudi nyuma ukapata mwili mzima, ndiyo maana watu wanatumia lenzi pana, halafu goti linakuwa kubwa kuliko kichwa. (Kuna wanaofanya hivyo makusudi. Mpiga picha Bill Brandt wa Uingereza alitoa kitabu kizima cha miili iliyorefushwa hivyo mwaka 1961.) Njia nyepesi ni kupiga kupitia kioo. Kamera ikiwa mita 2 kutoka kwenye kioo na mtu akiwa mita 1 kutoka kwenye kioo hichohicho, umepata umbali wa mita 3 bila kuvunja ukuta. Ila kumbuka kuielekeza fokasi kwenye taswira ya mtu. Kamera ya simu inapenda kunasa fremu ya kioo au vumbi lililo juu yake, kwa hiyo kifute kwanza kwa gazeti na maji yenye siki.

Sheria ya tatu: safisha chumba mara mbili, upande unaouona wewe na upande unaoonwa na kioo.

Sheria ya nne ndiyo iliyotaka kutuvurugia kazi. Kioo kinageuza. Tulipiga picha nzuri kweli ya taswira yake peke yake, mimi nikashangilia. Yeye akanyamaza, akaigusa ile skrini kwa kidole. "Dada, hapa linaonekana la kulia."

Nikatazama tena. Kweli! Ndani ya kioo, titi la kushoto limekaa mahali ambapo kwenye picha ya kawaida lingekaa la kulia. Ningeweza kuigeuza kwenye kompyuta, lakini yeye hakutaka picha iliyogeuzwageuzwa. Alitaka lile lenyewe. Basi tukabadilisha mpango: mwili wenyewe utazamwe moja kwa moja, na kioo kibebe uso. Nikamkalisha kwenye stuli akitazama kabati, dirisha likiwa kushoto kwake. Kutoka kwenye kona yangu nikaona mgongo, bega, ubavu na mstari wa titi la kushoto ukiwa umeshikwa na mwanga wa dirisha. Mbele yake, ndani ya kioo, uso. Kanga nyingine tukaifunika nusu ya chini ya kioo ili kisiseme zaidi ya tulichokituma. Ya kiunoni ilibaki kiunoni.

Na hilo nalo ni somo. Mwili mtupu kwenye sanaa si lazima uonyeshe kila kitu. Mwaka 1933 André Kertész alipiga picha karibu 200 za wanawake mbele ya vioo vya kupindapinda mjini Paris, na katika nyingi hujui mkono unaanzia wapi na paja linaishia wapi. Fremu inakata, kivuli kinaficha. Unachokiacha nje ndicho kinachokipa heshima unachokiweka ndani.

SHEMEJI, HEBU NJOO

Sasa likabaki tatizo moja. Kwa pembe ile niliyosimama, kioo kilikuwa kinaonyesha kona ya kulia nyuma yake, kwenye kitanda na zile nguo za mlangoni. Tukatundika shuka jeupe la pili kwenye msumari wa kalenda ili kuziba. Likaanguka. Tukalifunga kwa kamba. Likaanguka tena. Feni tumeshaizima, joto limepanda, sote wawili jasho linatutiririka.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, bila kugeuka: "Mwite."

Nikafungua mlango kidogo. "Shemeji, hebu njoo utushikie shuka."

Niwaambie ukweli, kabla ya hapo alikuwa amenidokeza jambo. Tangu majibu yatoke, mumewe alikuwa anazima taa kabla ya kuvua shati. Anaongea, anacheka na watoto, dawa ananunua, nauli anatoa, lakini kumtazama hamtazami. Yeye aliliona hilo kama kinyaa. "Ameanza kuzoea mapema," aliniambia, na hakulia.

Shemeji akaingia ameinamisha macho kama mtu aliyekosea choo. Nikampa pembe mbili za shuka, nikamwonyesha pa kusimama, akaliinua mpaka likamfunika uso. Kwenye kioo sasa pakawa peupe, pasafi, na juu ya ukingo wa shuka vinaonekana vidole vyake vinane tu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, picha ilikuwa imekaa.

Niliziba tundu la lenzi mpaka f/8 ili mwili na taswira yake vyote viwe vikali, kwa hiyo kamera ilihitaji kama 1/15 ya sekunde. Hapo lazima stendi ya miguu mitatu, na mtu asitikisike. (Wewe wa simu, iegemeze kwenye vitabu na utumie saa ya kuchelewesha ya sekunde 10.) Nikawa tayari kubonyeza, mara ndege hiyoo! Kabati likatetemeka, kioo kikatetemeka nalo, taswira yote ikawa ukungu. Ikabidi tungoje.

Pale London, National Gallery, kuna mchoro wa Diego Velázquez wa kati ya mwaka 1647 na 1651. Venus amelala amewapa watazamaji mgongo, na uso wake tunauona kwenye kioo kidogo. Watu wengi wanadhani anajitazama. Hapana! Sheria ya kioo ni moja: ukiyaona macho ya mtu ndani ya kioo, naye anayaona yako. Hakuna anayetazama kiooni bila kutazamwa.

Shemeji hakuijua sheria hiyo. Tukiwa tunangoja ndege ipite, mikono ikamchoka, akalishusha shuka kidogo, akatazama mbele. Macho yake yakakutana na ya mkewe kwenye kioo. Akataka kulipandisha.

"Usipandishe," mke akamwambia.

Ndege ikapita, kioo kikatulia. Nikabonyeza mara moja, mara mbili, mara tatu.

Baadaye, nikiwa nakunja stendi, nilimsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya chini: "Nilikuwa naogopa uone ninavyokutazama. Ungejua nina woga." Mkewe akajibu, "Sasa nimeona." Basi. Mimi nikajifanya natafuta kifuniko cha lenzi.

PICHA NI YA NANI?

Mpenzi msomaji, huku ndiko wengi wanakoteleza, kwa hiyo nisome vizuri. Enzi za ukoloni, postikadi za wanawake wa Kiafrika walioachwa kifua wazi ziliuzwa Ulaya kwa wingi. Chini ya picha palikuwa na jina la kabila, mara nyingi jina la mwenye mwili halikuwepo. Tofauti ya picha zile na ya Kipawa haiko kwenye nguo. Iko kwenye swali moja: nani aliamua?

Sisi tulikubaliana hivi kabla ya kufungua begi. Mwenye mwili ana haki ya kusema "basi" wakati wowote, hata tukiwa tumebakiza picha moja. Kila anayeingia chumbani anaingia kwa kibali chake. Kadi ya kamera inabaki kwake. Kanga iko mkononi muda wote. Na aliye chini ya miaka 18 hapigwi picha hizi, hata kwa masihara, hata akiomba mwenyewe.

Ukitumia simu, zima kwanza ile huduma inayopandisha picha mtandaoni zenyewe. Picha uliyofuta haijaondoka, inakaa kwenye kapu la vilivyofutwa kwa siku 30 au zaidi, nenda kaimwage na huko. Usiitume kwa WhatsApp "mara moja tu". Usimpelekee fundi simu yenye picha hizo. Na kagua kioo kabla ya kuhifadhi: alama ya mwili, jina kwenye kalenda, mandhari ya dirishani, vyote vinamtambulisha mtu hata asipoonyesha uso.

Kuhusu sheria tusidanganyane. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na simu yako nayo inahesabika. Faini haipungui shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili, na ikionekana ni ya kuchochea ashiki au chafu inapanda kuanzia milioni 30 au miaka 10. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 175, nayo inagusa anayetengeneza picha chafu kwa biashara au maonyesho ya hadharani. Usitegemee kumwambia hakimu "ilikuwa sanaa". Picha ya chumbani ibaki chumbani. Na wewe uliyetumiwa picha ya mwenzako kwa mapenzi, mkiachana, mapenzi ndiyo yaliyokwisha. Ruhusa ya kusambaza hujawahi kupewa.

Picha ya Kipawa tuliichapa moja, kwa mashine ndogo niliyoibeba mwenyewe, mezani palepale. Nyingine akazifuta mbele yangu kwa mkono wake. Aliyoichagua ni ile ya pili. Mwanga uko begani na titini, uso wake uko kiooni, na nyuma yake kuna shuka, vidole vinane na macho mawili ya mtu mwenye woga. Akaiweka kwenye bahasha ya cheti cha ndoa, akaifungia kabatini, nyuma ya kioo kilekile. Haipo kwenye ukurasa huu wala haitakuwepo. Ruhusa niliyopewa, na yeye na mumewe, ni ya kuwasimulia tu.

Upasuaji ulifanyika kama ulivyopangwa, sasa anaendelea na matibabu. Wiki iliyopita nimepata ujumbe wake: "Dada Mhariri, jua la Kipawa limerudi dirishani. Kovu limepona. Njoo na kamera. Shuka atashika yeye yule. Na safari hii ile kanga ya kwenye kioo tutaiondoa."

Nimemjibu nakuja Jumamosi.

Nawe msomaji wangu, tukutane hapahapa mwezi ujao, panapo majaaliwa. Na kabla hujalala leo, hebu simama mbele ya kioo chako, inua mkono, jitazame.